Taa ya betri kwenye Hilux ya volti 48

Mkuu, unasema taa ya betri imewaka, fundi wa Buzuruga kasema mota-jenereta (mota inayochaji betri na kusaidia injini) imekufa, na unataka kuibadilisha mwenyewe. Inawezekana, ila usianze na spana.

Tazama mkanda kwanza. Mota hiyo huzungushwa na injini, na wakati mwingine yenyewe ndiyo husukuma injini, yote kwa mkanda mmoja. Mkanda ukilegea au kikaza chake kikichoka, itaonekana mbovu bure. Kagua na plagi za waya, hasa kama vijana wanakuoshea injini kwa pampu ya presha (nani aliwafundisha?). Halafu pima kwa mashine ya kusoma hitilafu za gari, maana tatizo linaweza kuwa kwingine. Kifaa kinachoshusha volti 48 kuwa 12 kikifa, taa huwaka vilevile.

Ukilazimika kufungua, zima gari, ondoa ufunguo, kisha tenganisha betri zote mbili, ya volti 48 na ya volti 12, kwa utaratibu wa kitabu cha gari. Volti 48 mara nyingi haikurushi, lakini spana ikigusa ncha mbili za betri hiyo ya volti 48 inaweza kukuunguza vibaya. Ule mtindo wetu wa kugusisha waya tuone kama kuna moto, hapa uache kabisa.

Mota ya mtumba usilipie kabla hujalinganisha namba yake na ya zamani.