Unataka sakafu ya mbao yenye joto hapa Bukavu? Soma kwanza

Watu wananiulizaka sana juu ya ile chumba ya mama, yenye sakafu ya mbao inapata joto kutoka chini. Wengi ni ndugu zetu wa Bruxelles wanaojenga huku, wameizoea kule na sasa wanataka nyumba muzima ya Bukavu iwe vile vile. Nyumba muzima hapana. Tuko ku mita 1.500 hivi, usiku baridi inaingia kweli, lakini si baridi ya Ubelgiji bana, chumba moja ya muzee mwenye magoti yanamuuma inatosha.

Ya umeme muache. Ile mikeka ya nyaya inakula wati 100 mpaka 150 ku kila mita mraba, kwa chumba ya mita mraba 12 ni kama kuacha pasi inawaka usiku kucha, na delestaje, ile kukata umeme kwa zamu, munaijua, barrage ya umeme ya Ruzizi iko hapo chini tu lakini umeme inafika saa inapenda. Siye tulitia tiyo za maji. Maji yanapata moto ku tangi ya jua juu ya paa, yanazunguka ndani ya simenti, yanarudi, na ka pompe kanatumika na pano ya jua na batri. Regideso, wale wa maji ya bomba, wakikata haina neno, juu ni maji yale yale yanazunguka. Na simenti yenyewe inakula joto ya mchana inaitoa mangaribi, saa ile baridi inaanza, hapo ndipo minaipendea. Ila tangi ya jua inaweza kutoa maji ya digri 60 na mbao haiwezi hiyo, lazima robine ya kuchanganya iishushe ku 40 hivi, na ku uso wa mbao yenyewe joto isipite digri 27.

Chini ya tiyo weka frigolite, ile povu nyeupe ngumu inazuia joto, la sivyo unapasha udongo. Tiyo ni za milimita 16, ziachane sentimita 15 hivi. Mbele ya kumwaga simenti uzijaze maji na presio, na uache presio hata masoni akiwa anamwaga, ikitoboka moja utaona saa ile ile. Masoni atasema unamupotezea wakati. Usimusikie.

Sasa mbao, pesa inapoteaka hapo. Muvula, libuyu, zote muzuri, lakini ya soko mara mingi ingali na maji na muuzaji atakuapia ni kavu. Na simenti nayo ingali na maji, inataka siku 21 mbele ya moto wa kwanza, unaanza na maji ya digri 25 kwa siku tatu, kisha unapandisha polepole. Gundisha plastiki juu ya simenti usiku, asubuhi ukikuta matone chini yake ngoja tena. Ikisha kauka ndiyo unapanga mbao ndani ya chumba ile ile, moto ukiwaka, na vijiti katikati hewa ipite, wiki na wiki. Anza yote mwezi wa sita kiangazi ikiingia, ukingoja mvua ya mwezi wa tisa utateseka bure.

Mbao ziwe nyembamba, chini ya sentimita 10 kwa upana na milimita 15 hivi kwa unene, juu mbao nene inazuia joto na pana inapinda. Gundi ipakwe chini yote. Ku ukuta acha sentimita moja mbao zipumue, na ile mbao ya kufunika pembeni ipigiwe misumari ku ukuta, isipigiwe ku sakafu, seremala wengi hapo wanajisahauka.