Kabla ya Zege: Kwa Anayeanza Kupanga Mtambo wa Maji ya Kunywa wa Jiji

Siku nilipoingia kwenye mradi wangu wa kwanza wa mtambo wa maji nilipewa meza na agizo la kuanza kuchora matangi. Nikachora. Mezani palikuwa na matokeo manne ya maabara kuhusu maji ya mto, yote ya kiangazi, nami nikayapokea yalivyo kwa sababu yalikuwa na mhuri. Mtambo ukajengwa, ukazinduliwa, na mvua kubwa za kwanza zikaleta tope ambalo hesabu zetu hazikulitarajia kabisa. Matangi ya kutuamisha yakajaa, vichujio vikawa vinaziba kila baada ya saa chache, na maji yakakatwa jijini wakati mto umefurika. Zege lilikuwa zima na pampu zilikuwa nzima. Kosa lilikuwa kwenye zile karatasi nne.

Tangu hapo kila kijana anayekuja kwenye kazi hii namwambia jambo lilelile: tarakimu zinazoandikwa miezi ya mwanzo, mradi ukiwa bado hauna hata ofisi, ndizo zitakazowabana watu kwa miaka thelathini. Kuzitafuta vizuri kunagharimu sehemu ndogo sana ya fedha za mradi. Kuzikosea hakuna mkandarasi anayeweza kukurekebishia.

Anza na maji ghafi. Pata vipimo vya mwaka mzima usiopungua, kiangazi na masika, na wakati wa mafuriko chukua sampuli kila siku, ikibidi kila saa. Usiridhike na wastani. Wastani hauzibi chujio, kinachoziba chujio ni ile siku mbaya kuliko zote. Shirika la Afya Duniani linashauri tope liwe chini ya NTU 1 (NTU ni kipimo cha ukungu wa maji) kabla maji hayajatiwa klorini, dawa ya kuua vimelea, kwa sababu vimelea hujificha ndani ya chembe za tope na dawa haiwafikii. Sasa fikiria maji yanayoingia yakiwa na NTU 20 mwezi mmoja na NTU 2,000 mwezi mwingine. Hiyo ni mito miwili katika bonde moja, na mtambo wako lazima uweze kuihudumia yote miwili.

Fanya pia jaribio la magilasi wewe mwenyewe, usimwachie fundi wa maabara peke yake. Unapanga magilasi sita ya maji yaleyale, kila moja unalitia kiasi tofauti cha shabu, kemikali inayokusanya tope kuwa madonge, unakoroga haraka kisha polepole, halafu unaacha na kutazama madonge yanavyojikusanya na kuzama. Kwa nusu siku utajua dozi inayofaa, utajua kama maji yana uwezo wa kuhimili shabu au yatageuka kuwa na asidi hadi uyaongezee chokaa, na utaanza kuona gharama ya kemikali kwa mwaka. Mimi bado nalifanya kwa mikono yangu kila ninapopewa chanzo kipya. Linanifurahisha kama siku ya kwanza, na limewahi kunizuia nisiidhinishe usanifu ambao ungekula shabu mara mbili ya iliyohitajika.

Usisahau vitu visivyoonekana kwa macho. Mtambo wa kawaida wa shabu, mchanga na klorini hauondoi chumvi, na floridi hauiondoi kwa kiwango cha kutosha. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 za floridi kwa lita, na miligramu 0.01 tu za aseniki. Ukigundua baada ya kusaini mkopo kwamba chanzo chako kimezidi hapo, huna tena mradi uliouombea fedha. Una mradi mwingine, ghali zaidi, na benki haijui habari zake.

Ukishayajua maji, tembea hadi yanakotoka. Jiji la New York, katika miaka ya 1990, lilikabiliwa na sharti la kujenga mtambo wa kuchuja maji ya Catskill na Delaware, mabonde ya milimani yanayolilisha jiji hilo, na makisio yalikuwa dola bilioni kadhaa. Mwaka 1997 lilifikia makubaliano na jamii za mabonde hayo: jiji likanunua ardhi, likagharimia mifumo ya majitaka na kuwasaidia wakulima wazuie samadi isiingie mitoni. Hadi leo maji mengi ya jiji lile huhifadhiwa salama bila kuchujwa, ingawa hutiwa dawa. Si kila jiji lina milima ya misitu kama ile. Lakini kila bonde lina kitu ambacho ni nafuu kukizuia huko juu kuliko kukiondoa huku chini, na mpangaji asiyelitembelea bonde hawezi kukijua.

Halafu mahitaji. Hapa ndipo nimeona watu wenye akili nyingi wakijidanganya. Chukua jiji la watu 400,000. Likikua kwa asilimia 3 kwa mwaka, baada ya miaka 20 litakuwa na watu kama 722,000. Likikua kwa asilimia 5, watazidi 1,060,000. Tofauti ya tarakimu moja kwenye jedwali ni watu laki tatu na zaidi, na hakuna anayejua kwa hakika ni ipi itakayotimia. Kwa hiyo usijenge kwa ajili ya mwaka wa ishirini leo. Nunua ardhi ya mwaka wa ishirini, jenga kidakio, yaani mahali pa kuchotea maji mtoni, na bomba kuu kwa kipimo kikubwa kwa sababu hivyo ni vigumu kupanua, lakini vichujio na pampu viongezwe kwa awamu. Mtambo mkubwa unaofanya kazi kwa theluthi ya uwezo wake unalipiwa riba yote.

Na kabla hujaandika uwezo wowote, uliza maji yanapotelea wapi. Jiji likihitaji mita za ujazo 60,000 kwa siku bombani mwa watu, na upotevu njiani ukiwa asilimia 40, mtambo lazima utoe 100,000. Upotevu ukishuka hadi asilimia 25, unatosha mtambo wa 80,000. Hizo 20,000 katikati ni mabomba yanayovuja, dira zilizokufa na maunganisho ya wizi. Kukarabati mtandao hakupendwi, maana hakuna utepe wa kukata wala jiwe la msingi. Nimewahi kukaa kwenye kikao ambapo nilipendekeza tuanze na dira na mabomba chakavu, nikaambiwa kwamba wafadhili wanataka kuona jengo. Jengo likaja. Maji mapya yakaingia kwenye mabomba yaleyale, presha ikapanda, mabomba yakapasuka zaidi. Ukipata nafasi ya kusema kwenye kikao kama hicho, sema, hata kama wewe ni mdogo kuliko wote mezani, na uwe na hesabu hiyo mkononi.

Kwenye usanifu nitasema mawili tu, maana utafundishwa mengine kazini. Kwanza, hesabu uwezo wa mtambo ukiwa na kitu kimoja kimezimwa. Vichujio vinne vikifanya kazi pamoja vinapendeza, lakini kimoja kinapooshwa vitatu vilivyobaki hubeba theluthi moja zaidi, na huoshwa kila siku au mbili. Pili, klorini inahitaji muda. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka miligramu 0.5 za klorini huru, yaani iliyobaki na nguvu ya kuua vimelea, kwa lita baada ya dakika 30 za kugusana na maji, pH (kipimo cha asidi) ikiwa chini ya 8. Nimeona tangi la maji safi ambalo bomba la kuingilia na la kutokea vilitazamana, maji yakipita moja kwa moja kwa dakika chache huku sehemu kubwa ya tangi imetulia kama dimbwi. Kuta mbili za ndani za kuyalazimisha maji yazunguke zingetosha.

Sasa fedha. Wahandisi wengi huliachia jambo hili idara ya uhasibu, nami nakuomba usifanye hivyo.

Fedha za kujenga zinaweza kutoka kwenye ruzuku, mkopo nafuu, hatifungani za jiji, bajeti ya serikali au mwekezaji binafsi. Fedha za kuendesha zina mlango mmoja au miwili tu: bei ya maji, na kodi. Mkopo nao mwishowe hulipwa na milango hiyohiyo. Kwa hiyo unapopendekeza mtambo, unapendekeza ankara ya mama mwenye ndoo moja na ya kiwanda chenye bomba la inchi sita. Kaa na mhasibu mpige hesabu pamoja hadi muione hiyo ankara, mwaka kwa mwaka.

Umeme peke yake utakushtua. Kusukuma mita moja ya ujazo ya maji juu kwa mita 100 kunahitaji uniti 0.27 za umeme kama pampu isingepoteza chochote, na pampu yenye ufanisi wa asilimia 70 itakula karibu 0.39. Mtambo wa mita za ujazo 50,000 kwa siku unaopandisha maji mita 60 tu utatumia uniti zipatazo 11,700 kila siku, sikukuu na siku za kazi. Ongeza shabu, chokaa, klorini, mishahara, vipuri na kuondoa tope lililotuama. Ndiyo sababu zabuni isilinganishwe kwa bei ya kununua peke yake. Ilinganishwe kwa jumla ya kununua na kuendesha kwa miaka yote ya uhai wa mtambo. Pampu ya bei rahisi inaweza kurudisha unafuu wake wote kwa shirika la umeme kabla ya mwaka wa pili.

Angalia sarafu ya mkopo. Wateja hulipa kwa sarafu ya nyumbani, mkopeshaji mara nyingi hudai ya kwake. Sarafu ya nyumbani ikipoteza nusu ya thamani, rejesho linakuwa maradufu ingawa riba haijaguswa. Mashirika ya maji yameanguka kwa hilo bila kuharibu hata lita moja ya maji. Uliza mapema nani anabeba hatari hiyo, serikali au shirika, na jibu liandikwe kwenye mkataba. Uliza pia kipindi cha kusubiri kabla ya marejesho kuanza. Ujenzi ukichelewa, na huchelewa, rejesho la kwanza linaweza kufika kabla ya maji ya kwanza kuuzwa.

Lakini hofu ya gharama isikufanye utetee kuahirisha daima. Jiji la Hamburg, Ujerumani, lilibishana kwa miaka mingi kuhusu kujenga vichujio vya mchanga, na gharama ilikuwa sehemu ya ubishi huo. Mwaka 1892 kipindupindu kikaingia kupitia maji ya mto Elbe yasiyochujwa, kikaua watu zaidi ya 8,000. Altona, mji uliopakana nayo na uliochota maji chini ya mto baada ya majitaka ya Hamburg, ulikuwa na vichujio, na vifo vyake vilikuwa vichache mno ukilinganisha. Mtaa mmoja, mto mmoja, na mpaka wa ugonjwa ukafuata mpaka wa mabomba. Vichujio vya Hamburg vilianza kazi mwaka uliofuata.

Na kuna kubana matumizi kunakoua kimyakimya. Flint, Marekani, ilibadili chanzo chake mwezi Aprili 2014 ili kuokoa fedha, maji mapya hayakutiwa dawa ya kuzuia kutu, na madini ya risasi, ambayo ni sumu, kutoka kwenye mabomba ya zamani ikaingia kwenye maji ya kunywa. Ukisikia mtu anasema kubadili chanzo ni kufungua koki nyingine tu, mwombe hesabu ya jinsi maji hayo yatakavyogusana na mabomba yaliyopo.

Mwisho ni makabidhiano, na hapa naomba uwe mkaidi. Kwenye hadidu za rejea, waraka unaoeleza kazi ya mkandarasi, andika kwamba mkandarasi atauendesha mtambo pamoja na wahudumu wa jiji kwa mwaka mmoja kamili, ili masika yapite akiwa bado yupo. Andika vipuri vya miaka miwili, kwa majina na namba zake. Andika kwamba vitabu vya maelekezo viwe kwa lugha wanayoisoma wahudumu wa zamu ya usiku. Niliwahi kufika kwenye mtambo wa miaka mitatu nikakuta pampu ya dozi ya klorini imesimama kwa kukosa kiwambo cha mpira cha ukubwa wa kiganja, na mhudumu akimimina dawa kwa ndoo, akikadiria kwa macho. Alikuwa anajitahidi kwa uwezo wake wote. Aliniomba nimwandikie jina la kipuri kile kwenye karatasi ili alipeleke ofisini tena, kwa mara ya nne.