Maswali ya Wasomaji: Reli za Dar es Salaam

SWALI: Nimepima reli ya zamani karibu na stesheni ya mjini nikapata milimita 1,060. Mbona huwa mnaandika ni mita moja? Au ni geji (upana wa njia) ya Tazara, reli ya kwenda Zambia? Kama ndiyo, mbona treni za Tazara haziji mjini?
Msomaji, Keko

JIBU: Futi yako ni nzima, ila umeishikia mahali sipo. Inaelekea ulipima katikati ya reli hadi katikati ya reli. Geji hupimwa ndani kwa ndani, chini kidogo ya uso wa juu wa kichwa cha reli. Kichwa hicho kina upana wa milimita 60 hivi. Nusu huku, nusu kule, ndizo 60 zako zilizozidi. Ukirudia, chagua sehemu iliyonyooka, maana kwenye kona kali njia hupanuliwa kidogo ili magurudumu yasibane. Na uombe ruhusa kwanza!

Mita moja tuliachiwa na Wajerumani. Reli yao ya Tanga, iliyoanza kujengwa 1893, ilikuwa ya geji hiyo, na ya Dar waliyoianza 1905 ikaifuata. Ilifika Morogoro 1907, Tabora 1912, Kigoma 1914. Stesheni ikakaa ubavuni mwa bandari, kwa kuwa vyuma na injini vilishushwa melini. Hata MV Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika, ilipitia hapa, imefunguliwa vipande vipande masandukuni, ikaenda kuungwa Kigoma.

Tazara, iliyojengwa 1970 hadi 1975, ni ya milimita 1,067 ili iungane na reli ya Zambia. Hizo 67 za tofauti ndizo balaa. Kungekuwa na pengo kubwa, reli moja ingetumiwa na treni zote mbili, na ya tatu kuongezwa upande wa pili ingetosha. Lakini kitako cha reli kina upana wa zaidi ya milimita 100, hivyo reli mbili haziwezi kukaa pamoja hapo. Zingetakiwa nne juu ya mataruma yale yale. Kwa hiyo mizigo huhamishwa kwa kreni Kidatu, na abiria wa Tazara hushukia Barabara ya Nyerere, akatafute daladala.

SWALI: Nasafiri kwenda Dodoma. Nimwambie bodaboda stesheni ipi?
Msomaji, Mbagala

JIBU: Usiseme "Stesheni" tu. Dodoma inafikiwa na Reli ya Kati ya zamani, ile ya Kigoma, na pia SGR, reli mpya ya treni za umeme yenye geji ya milimita 1,435, iliyoanza kupeleka abiria huko Julai 2024. Kama tiketi ni ya treni ya umeme, sema Stesheni ya Magufuli. Tazara haiendi Dodoma kabisa.