Msokoto wa mtutu na risasi inayoufaa: majibu kwa wasomaji

*Nina bunduki ya zamani ya kipenyo cha .223, mtutu wa moja kwa 12. Risasi za uzito wa greini 55 zinapiga vizuri, ila za greini 77 zinaacha matundu marefu kwenye karatasi. Mtutu umechoka?*

Hapana, tatizo ni risasi. "Moja kwa 12" maana yake mifereji ya ndani ya mtutu huizungusha risasi mara moja kila inchi 12. Risasi fupi yatosheka na hapo, lakini ndefu huyumba hewani na kufika kiubavuubavu. Greini 77 zataka moja kwa 8 au 7. Tafadhali acha kuzipiga kwa bunduki hiyo, kwani risasi inayoyumba haijulikani itaangukia wapi.

*Basi nifuate uzito ulioandikwa kwenye boksi?*

Uzito unakuelekeza tu. Kinachoamua ni urefu. Jeshi la Marekani lilipoitengeneza bunduki yake ya M16A2 lilikuwa na risasi mbili mpya: M855 ya greini 62, na M856 ya greini 64 hivi, ile inayowaka ikiruka. Uzito karibu sawa, lakini M856 ni ndefu zaidi kwa kuwa imebeba kemikali nyepesi ndani. Ni hiyo ndefu iliyolazimisha mtutu wa moja kwa 7.

*Huku California tangu 2019 hatuwindi kwa risasi zenye madini ya risasi. Nikinunua za shaba niangalie nini?*

Shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi, kwa hiyo kwa uzito uleule risasi ya shaba huwa ndefu zaidi. Shuka uzito kidogo. Usihofu kwamba itakosa nguvu kwa mnyama: shaba haimeguki ovyo, hupenya ikiwa karibu nzima.

*Nitajuaje msokoto wa mtutu ambao haukuandikwa?*

Toa risasi zote, kagua chemba (nafasi ya nyuma ya mtutu inakokaa risasi) kwa jicho na kwa kidole. Kisha ingiza fimbo ya kusafishia inayozunguka kwenye mpini wake, yenye kitambaa kinachobana. Weka alama juu ya fimbo, sukuma taratibu hadi alama izunguke na kurudi juu. Umbali uliosukuma ndio jibu. Rudia, kwani kitambaa huteleza.

*Nanunua mpya. Nichukue msokoto wa haraka au wa polepole?*

Wa haraka, yaani wenye namba ndogo, bila kusita. Mwaka 1955 kampuni ya Remington walitoa bunduki ya .244 yenye moja kwa 12, wakidhani wateja watataka risasi nyepesi. Washindani wao Winchester wakaja na .243 ya moja kwa 10, inayomudu greini 100 za kuwindia paa, na wawindaji wakaihamia hiyo. Remington walibadili hadi moja kwa 9, na mwaka 1963 wakaipa jina jipya, 6mm Remington, lakini soko lilikwisha kwenda. Kwa .223 mimi ningechukua moja kwa 8. Jihadhari tu na risasi nyepesi za ganda jembamba: kwa futi 3,000 kwa sekunde, mtutu wa moja kwa 7 huzizungusha zaidi ya mara 300,000 kwa dakika, na baadhi hupasuka kabla ya kufika kwenye shabaha.