Maswali ya Wasomaji: Ukuta wa Moto Umeunganishwa, Intaneti Haipiti

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni karani wa chama cha msingi cha ushirika wilayani Nachingwea, mkoani Lindi. Tumenunua kifaa cha ukuta wa moto (firewall, yaani kichujio cha mawasiliano ya mtandao) ili kulinda kumbukumbu za wakulima wetu wa korosho, tukakiweka kati ya modemu ya mtoa huduma na kompyuta za ofisi. Kompyuta ikichomekwa moja kwa moja kwenye modemu, intaneti inapatikana. Ikipitia kwenye kifaa hicho, haipatikani. Upande wa nje kifaa kinaonyesha anwani 192.168.1.4, na upande wa ndani 192.168.1.1. Tatizo liko wapi?

JIBU: Ndugu karani, umefanya vyema kutuandikia anwani zote mbili, kwa sababu tatizo limo humo. Modemu yenu inagawa anwani zinazoanza na 192.168.1, na kifaa kipya nacho kinagawa anwani za kundi hilo hilo kwa kompyuta za ndani. Pamoja na kuchuja, kazi ya ukuta wa moto ni kupitisha pakiti (vipande vya data) kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine. Pande zote mbili zikiwa na kundi moja la anwani, kifaa hakiwezi kujua pakiti ielekezwe upande upi. Isitoshe, modemu nyingi zenyewe hutumia 192.168.1.1, kwa hiyo huenda lango (njia ya kutokea kwenda intaneti) ambalo kifaa chenu kinalitafuta nje lina anwani ile ile kinayoitumia ndani.

Badilisheni anwani ya ndani iwe, kwa mfano, 192.168.50.1, na orodha ya anwani zinazogawiwa kompyuta ianzie kundi hilo jipya. Mara tu mtakapohifadhi, ukurasa wa mipangilio utapotea. Msishtuke, chomoeni kebo ya kompyuta na kuirudisha ili ipewe anwani mpya, kisha fungueni ukurasa kwa anwani mpya ya kifaa. Upande wa nje uacheni kwenye DHCP (mpango wa kupokea anwani moja kwa moja), kwa kuwa modemu ndiyo inayogawa anwani huko.

Mpangilio huo unatosha kwa kazi za kawaida za ofisi. Ila mkitaka kuifikia seva ya ofisi mkiwa nje, njia mojawapo ni mtoa huduma kuigeuza modemu kuwa daraja tu, yaani ipitishe mawasiliano bila kugawa anwani, na hapo ukuta wa moto ndio utakaojitambulisha kwake, mara nyingi kwa PPPoE, njia ya kuingia kwenye mtandao wake kwa jina na nywila. Ombeni taarifa hizo kwa maandishi kabla modemu haijaguswa, maana hazikisiwi. PPPoE huchukua baiti 8 za kila pakiti, hivyo MTU (ukubwa wa juu wa pakiti, kwa baiti) huwekwa 1492 badala ya 1500. Ikiachwa 1500, baadhi ya tovuti zinaweza kufunguka na nyingine zikakwama katikati, na watu wakailaumu kompyuta bure. Tafadhali pia, ukurasa wa mipangilio usifunguliwe kabisa upande wa nje, na nywila ya kiwandani ibadilishwe siku hiyo hiyo.

SWALI: Duka letu la dawa hapa Mtwara mjini lina laini ya faiba na modemu ya laini ya simu kama akiba. Faiba ikikatika, ukuta wa moto hauhamii kwenye akiba, na taa ya faiba kwenye kifaa hubaki ya kijani. Kwa nini?

JIBU: Taa hiyo huonyesha tu kwamba kebo fupi kati ya kifaa na modemu ni nzima, kwa hiyo kifaa hudhani faiba bado inafanya kazi. Katika mipangilio ya kila laini, wekeni anwani ya kupimia iliyo mbali na mtoa huduma wenu, kama 8.8.8.8 kwa faiba na 1.1.1.1 kwa akiba, ili kifaa kihame pale majibu yanapokosekana.

Hata hivyo, laini mbili zinaweza kutegemea njia moja huko mbele. Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilizorota nchini kote, na ofisi zenye laini mbili nazo zingeweza kukwama. Kabla ya kulipia akiba, waulizeni watoa huduma wote wawili mawasiliano yao yanatoka nchini kwa nyaya zipi.