Baa za Nairobi: mmeuliza, nawajibu

Baa kongwe zaidi Nairobi ni zipi? (Msomaji, Kasarani)

Kwa zile ambazo majina yake bado yapo, anza na ya hoteli ya Stanley. Ilifunguliwa 1902 katika Victoria Street, ambayo leo ni Tom Mboya, ikaungua 1905, ikahama. Hoteli ya Norfolk ilifungua milango siku ya Krismasi 1904 na ikawa kijiwe cha walowezi, Lord Delamere akiwa mbele. Mwafrika aliingia humo akiwa amebeba trei. Na kwa vile wengi huniuliza: ndiyo, Kiswahili kina baa mbili, baa la njaa na baa ya pombe. Mamangu haoni tofauti.

Babu alidai kuwa ujanani hakuruhusiwa kununua bia ya chupa. Ni kweli ama alitia chumvi? (Msomaji, Buruburu)

Hakutia hata chembe. Sheria ya mkoloni ilimkataza Mwafrika vinywaji vya "kizungu": bia ya chupa, mvinyo, wiski. Kwa upande wa bia, kamba ililegezwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Pombe kali ikachelewa zaidi.

Usidhani basi aliachiwa ya kienyeji anywe kwa raha zake. Tangu mapema miaka ya 1920, baraza la mji lilijitwalia peke yake haki ya kupika na kuuza pombe ya Waafrika, likafungua kilabu Pumwani. Mama aliyepika yake nyumbani akawa mhalifu. Faida iliwekwa katika mfuko wa huduma za Waafrika, nyumba zikiwemo. Mpango huo uliigwa kutoka Durban, na ulikuwa wa kijanja: babu alijigharamia huduma za mtaa wake glasi kwa glasi, bila mlowezi kutoa senti.

Wapishi wa siri hawakukoma, maana busaa haihitaji mtambo. Unga wa mahindi unakandwa, unaachwa uchachuke, kisha unakaangwa juu ya bati mpaka uwe chenga za rangi ya kahawia. Unaongeza maji na kimea cha wimbi, unasubiri siku chache, unachuja. Harufu ya ule unga ukikaangwa ndiyo iliyowauza akina mama kwa askari.

Kwa nini mhudumu huuliza "baridi ama moto?" Nani hunywa bia moto? (Msomaji, Toronto)

Umekaa ughaibuni sana, ndugu yangu. Moto hapa ni ile iliyotoka kwenye kreti bila kuona friji. Wazee wengi waliizoea bia kabla ya stima kufika kwao, na wengine huapa kwamba ya baridi huumiza kifua. Kampuni yenyewe ya bia ya Tusker ilianzishwa 1922 na ndugu wawili wa ukoo wa Hurst, na kreti 10 za kwanza zikapelekwa Stanley. Mwaka uliofuata George Hurst aliuawa na ndovu akiwa mawindoni. Ndiyo asili ya jina Tusker, yaani ndovu mwenye pembe kubwa kwa Kiingereza, na ndiyo maana mnyama huyo yuko kwenye lebo.

Niliagiza dawa nikaletewa kikombe cha tangawizi. Nilikosea wapi? (Msomaji, Arusha)

Ulikosea mlango tu. Dawa ya mkahawani ni tangawizi, limau, asali na maji moto, ya kutibu mafua. Dawa ya baa ni kokteli iliyopata umaarufu pale Carnivore, mkahawa wa nyama choma uliofunguliwa 1980. Ni binamu wa caipirinha, kokteli ya Brazil, ila vodka imechukua nafasi ya cachaça (pombe kali ya miwa) na asali imeongezwa.

Kazi yote iko kwenye kijiti. Vipande vya ndimu na sukari huwekwa kwenye glasi, kisha barafu, kisha vodka. Kijiti kilichoviringishwa kwenye asali huchomekwa mwisho. Asali ikigusa baridi hukakamaa na kung'ang'ania mti, kwa hiyo wewe mnywaji ndiye unayeponda ndimu na kuiachilia asali kidogo kidogo. Funda la kwanza kali, la mwisho tamu. Baa inayokuletea imekwisha kukorogwa imekunyima nusu ya kinywaji. Irudishe.

Jini (gin) ya Kenya ina upya gani? (Msomaji, Nakuru)

Jini hupata ladha yake kwenye tunda la mti wa jamii ya mreteni, na viwanda vingi hutumia la Ulaya lililokaushwa. Procera, inayotengenezwa Nairobi, hutumia tunda bichi la *Juniperus procera* wa nyanda zetu za juu. Wakikuyu huuita mũtarakwa. Tuliujua kwa nguzo za ua, kwa sababu mchwa hauwezi, na hakuna aliyewaza kuunywa. Bei ya chupa, lakini, itakurudisha kwenye busaa.