Kompyuta ya nyumbani haipatikani kwa simu ukiwa nje: kagua kwanza anwani ya ruta

Mkuu, umeeleza kwamba programu ya Remote Desktop (ya kuendesha kompyuta kutoka mbali) kwenye simu yako inaifungua kompyuta vizuri ukiwa sebuleni, lakini ukitoka na kutumia bando la simu unapata kosa 0x204, ingawa umeshafungua poti 3389, yaani mlango wa mtandao ambao Remote Desktop hupitia, kwenye ruta yako ya laini ya 4G. Maelezo hayo yanaondoa sehemu kubwa ya mambo ya kukagua. Kama simu inaingia kupitia Wi-Fi ya nyumbani, basi Windows yako si toleo la Home, ambalo haliruhusu kuingiwa kwa njia hiyo, na jina na nywila unazotumia ni sahihi. Kuifuta programu na kuiweka upya hakutasaidia. Kosa 0x204 maana yake ni kwamba simu imeshindwa kuifikia kompyuta. Halikuambii njia imekatikia wapi.

Ingia kwenye ukurasa wa mipangilio ya ruta, ambao mara nyingi hupatikana kwa 192.168.1.1 au 192.168.8.1, usome anwani ambayo ruta imepewa na mtandao wa simu. Kisha, ukiwa kwenye Wi-Fi hiyo hiyo, fungua tovuti yoyote inayoonyesha anwani yako ya IP. Zilinganishe. Kwangu, ambako natumia ruta ya laini kama wewe, ukurasa wa ruta ulionyesha anwani inayoanza na 100, ilhali tovuti ilionyesha anwani tofauti kabisa. Huduma kwa wateja waliniambia niizime ruta na kuiwasha tena. Niliporudi kuangalia, tarakimu za mwisho zilikuwa zimebadilika, lakini mwanzo ulikuwa ule ule wa 100.

Zikitofautiana hivyo, ruta haina anwani yake ya nje. Sababu ni kwamba anwani za IPv4, yaani zile za kawaida za namba nne, hazifiki hata bilioni 4.3 kwa dunia nzima, kwa hiyo mitandao ya simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje. Anwani kuanzia 100.64.0.0 hadi 100.127.255.255 zilitengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyo, na baadhi ya mitandao hutumia zinazoanza na 10. Poti uliyoifungua wewe ni kama mlango wa chumba kwenye jengo ambalo geti lake liko mikononi mwa mwingine: mgeni anaishia getini. Hakuna mpangilio wowote ndani ya ruta utakaobadilisha hali hiyo. Unaweza kuuliza kama mtoa huduma wako anauza anwani ya nje ya kudumu, lakini mimi sikuona sababu ya kuilipia.

Tena, hata kama ungekuwa na anwani ya nje, ningekushauri uifunge poti 3389 leo. Mwaka 2019 iligunduliwa hitilafu iliyopewa jina la BlueKeep, iliyomwezesha mshambuliaji kuingia kupitia huduma ya Remote Desktop bila kuwa na jina wala nywila, na ilikuwa nzito kiasi kwamba Microsoft walitoa marekebisho hata kwa Windows XP, ambayo walikuwa wameacha kuihudumia tangu 2014. Hitilafu ile ilizibwa, lakini watu wanaopekua intaneti wakitafuta poti hiyo hawajaacha, na kubadilisha namba ya poti huwachelewesha tu.

Njia ninayoitumia ni Tailscale, programu inayounganisha vifaa vyako kwenye mtandao wa faragha, inayowekwa kwenye kompyuta na kwenye simu kwa akaunti moja. Vifaa vyote viwili huanzisha mawasiliano kutoka ndani kwenda nje, kwa hiyo geti la mtoa huduma halina cha kuzuia. Kompyuta hupewa anwani ya ziada, nayo pia huanza na 100 kwa sababu imetoka kwenye fungu lile lile, hivyo usiichanganye na ile ya ruta. Iandike hiyo kwenye Remote Desktop badala ya ile ya ndani ya 192.168, zima Wi-Fi ya simu, ujaribu kwa bando. Picha ikiwa nzito, amri ya tailscale status kwenye kompyuta itaonyesha kama mawasiliano ni ya moja kwa moja au yanapitia seva ya kati. Ya pili huwa ya taratibu, ingawa data hubaki zimefichwa njia nzima. Ukisafiri muda mrefu, kumbuka kwamba ruhusa ya kila kifaa huisha baada ya siku 180 usipoizuia mapema kwenye ukurasa wa akaunti, na ikishaisha hutaipata kompyuta hadi ihuishwe.

Kinachobaki ni umeme. Skrini iache izimike, lakini weka kompyuta isilale kabisa, kwa sababu ikilala haijibu. Kwenye BIOS, yaani mipangilio ya kompyuta inayofunguliwa kabla Windows haijawaka, tafuta mpangilio unaoiwasha yenyewe umeme unaporudi, na kwenye Tailscale ruhusu ifanye kazi kabla mtu hajaingia Windows; bila hilo, umeme ukikatika na kurudi, kompyuta itakuwa imewaka lakini huipati hadi mtu wa nyumbani aandike nywila.

Ikiwa anwani mbili ulizolinganisha zinafanana, mtandao wako una anwani ya nje na tatizo ni jingine. Tazama kwa amri ya ipconfig kama anwani ya ndani ya kompyuta ingali ile uliyoielekezea poti, maana ruta huweza kuibadilisha, na usijaribu anwani ya nje ukiwa kwenye Wi-Fi ya nyumbani, kwa kuwa ruta nyingi hukataa safari ya namna hiyo hata pale ambapo mipangilio yote ni sahihi.